RELI YA MABEGA: Wapagazi wa Vita Kuu katika Nyanda za Juu Kusini

Mada iliyotolewa kwenye semina ya Tume ya Haki na Amani kwa wajumbe wa parokia za Iringa na Mbeya



Tumeombwa tuseme neno juu ya picha zilizobandikwa ukutani mwa ukumbi huu. Vijana wamezipiga wenyewe katika mahali pa kihistoria: boma la Iringa, makaburi ya vita ya mjini Iringa, nyumba ya makumbusho ya Kalenga, ukumbusho wa Lugalo kando ya barabara ya Morogoro, na madaraja ya TAZARA. Wazee mliopo hapa mnakumbuka enzi ambazo kumwonyesha mtu daraja kupitia kioo cha kamera kulitosha kukupeleka kituo cha polisi. Leo vijana wanapiga picha bila woga, nasi tunawapongeza.

Picha moja tu haikupigwa na vijana hawa. Imekatwa gazetini, nayo inaonyesha daraja la reli juu ya Mto Kwai, kule Thailand. Tungependa kuanza na hiyo ya mbali, kwa sababu itatusaidia kuzitazama hizi za karibu.

Katika Vita ya Pili ya Dunia jeshi la Japani lilijenga reli ya kilomita zipatazo 415 kuunganisha Thailand na Burma, ili lilishe vikosi vyake vilivyokuwa Burma. Kazi ilianza mwaka 1942 ikamalizika Oktoba 1943. Walioifanya walikuwa mateka wa vita wapatao 60,000, Waingereza, Waaustralia, Waholanzi na wengineo, na zaidi ya 12,000 kati yao walikufa. Jambo hilo linajulikana ulimwenguni. Filamu mashuhuri ilitengenezwa mwaka 1957, na watalii husafiri kutoka mbali kwenda kulipiga picha daraja. Si mbali na hapo, katika mji wa Kanchanaburi, kuna makaburi ya mateka karibu 7,000, yamepangwa kwa mistari na kutunzwa vizuri ajabu.

Lakini waliojenga reli ile hawakuwa mateka Wazungu peke yao. Walikuwapo vibarua wa Asia, Watamili kutoka Malaya, Wajava, Waburma, wengine wakiwa wamedanganywa kwa ahadi ya mshahara na wengine wamekamatwa kwa nguvu. Wanahistoria hukadiria kwamba walikuwa kama 200,000, na kwamba waliokufa wanaweza kufika 90,000. Hao hawana mistari ya makaburi. Mtalii akipiga picha ya daraja anapata chuma na mto. Akienda makaburini anapata majina ya wachache, na walio wengi hawaingii katika picha yoyote.

Msidhani kwamba habari ya Burma ni ya wageni. Mwaka 1944 vijana wa nchi hii, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana katika bonde la Kabaw mpaka kuufikia mto Chindwin. Na huku nyumbani, wakati huohuo, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwaandikisha wanaume kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mpira na pareto kwa ajili ya vita hiyohiyo.

Sasa turudi katika nchi yetu tujiulize: je, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalo daraja la reli la wakati wa vita ambalo tungeweza kusimama mbele yake tukawakumbuka waliolazimishwa? Reli yetu ni TAZARA, nayo ilijengwa wakati wa amani, kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa mikono ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliolipwa ujira wao. Wachina waliofia katika kazi ile wamezikwa kwa heshima huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kwa hiyo madaraja ya Makambako na Mbeya mliyopiga picha, ingawa ni mazuri, hayatoi jibu la swali letu.

Jibu ni kwamba vita ilipofika huku kwetu mwaka 1916 reli haikuwapo. Reli ya Kati ilipita mbali, Kilosa, Dodoma na Tabora, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliyavunja madaraja yake. Hata mji wa Mbeya wenyewe haukuwapo, maana ulianza baadaye, katika miaka ya 1920, pamoja na dhahabu ya Lupa. Majeshi yalikuja hata hivyo. Mwezi Mei 1916 Jenerali Edward Northey aliingia kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini akaitwaa Tukuyu, iliyoitwa wakati huo Neu Langenburg. Mwezi Agosti askari wake walikuwa Iringa. Kisha likaja jeshi la Jenerali Wahle kutoka Tabora, likikata katikati ya nchi ya Wahehe na Wabena mwezi Oktoba na Novemba. Na mwaka 1918, vita ikiwa karibu kwisha, von Lettow-Vorbeck alirudi kutoka Msumbiji akapita Songea na Ubena na Mbozi, akavuka mpaka, akaweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba.

Majeshi hayo yote yalikula. Yalipiga risasi na mizinga, yalilala katika mahema, maofisa walikuwa na vitanda na masanduku. Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Magari yalizama katika matope ya masika. Vilivyobaki ni vichwa na mabega ya watu. Ndiyo maana tumeiita mada hii Reli ya Mabega. Katika sehemu hii ya Tanzania reli ya vita ilikuwa watu wenyewe, nayo haikuacha chuma wala nguzo ambayo kijana mwenye kamera angeweza kuipiga picha.

Tunaomba mtuvumilie tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii inasema mengi kuliko maneno ya huruma. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kama kilo 27. Chakula chake kwa siku kilikuwa unga wa takriban kilo moja. Tuseme mtu ametwishwa unga Dodoma apeleke Iringa. Njia ni kama kilomita 260. Akitembea kilomita 25 kwa siku, na hiyo ni bidii kubwa kwa mwenye mzigo, atatumia siku 11 kwenda na siku 11 kurudi. Atakuwa amekula kilo 22, na askari aliyeko Iringa atapata kilo tano. Mkisema kwamba angeweza kulishwa njiani kutoka katika ghala, ninyi wenyewe mtauliza: na chakula cha ghala kilifikaje pale? Kilibebwa. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kuiacha reli ya kweli, ndivyo walivyohitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi. Hapo ndipo serikali iliposema: tuleteeni watu, na majumbe wakapewa hesabu ya vichwa vya kutoa.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, watu waliotumika kubeba mizigo katika vita ya Afrika Mashariki, kutoka makoloni yote, walikaribia milioni moja. Nyasaland, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, walitoa kama 200,000, nao waliitwa tenga-tenga. Waliokufa, kwa hesabu ambayo serikali yenyewe ilikiri, ni wapatao 95,000, na wanaochunguza habari hizo wanaona kwamba hesabu hiyo ni ndogo mno. Wajerumani hawakuandika hata hiyo. Waliwachukua watu katika vijiji walivyopitia, mara nyingi bila ujira, na walipofika mbali wakachukua wengine. Tulipokuwa seminarini tulisoma juu ya ushujaa wa von Lettow-Vorbeck na jinsi asivyoshindwa hata siku moja, lakini kitabu kile hakikutuambia ni nani aliyekuwa akimbebea kitanda.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Mtu wa Njombe, aliyezoea baridi na maji safi ya milimani, aliteremshwa katika bonde la Kilombero na Rufiji, akafa kwa malaria. Mtu wa pwani aliyezoea wali alipandishwa Ubena na blanketi moja, akapewa unga wa mahindi ambao hakujua kuupika wala hakuwa na muda wa kuupika, akafa kwa kuhara damu au kwa homa ya mapafu. Huku nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kulima, na akiba ya ghala ilikuwa imechukuliwa na jeshi hili au lile. Wagogo wana jina kwa njaa iliyofuata, Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Na mwishoni mwa mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali ukawakuta watu waliokwisha dhoofu.

Wenzetu mjini Dar es Salaam kila siku husema "naenda Kariakoo" wakifikiria nguo na mboga. Jina hilo ni la jeshi hilihili la wapagazi, Carrier Corps, lililokuwa na kambi pale, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Soko limewatunzia jina lao la kikosi, ila jina la mtu hata mmoja halimo.

Tuje sasa kwenye picha za vijana. Ya Lugalo inaonyesha ukumbusho wa Zelewski na wenzake, walioshindwa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891. Ya makaburi ya Iringa inaonyesha mawe yenye majina, vikosi na tarehe za vifo vya askari waliokuja kutoka mbali. Hatuwaonei wivu marehemu hao. Wao pia walikuwa watoto wa akina mama, na ni haki makaburi yao yafyekwe nyasi. Swali letu ni lile ambalo kijana mmoja aliliandika chini ya picha yake kwa kalamu: waliobeba mizigo ya hawa wamezikwa wapi?

Swali hilo lina jibu, nalo linauma. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na Tume maalumu ya makaburi, na kanuni yake iliyotangazwa ilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Hapa Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Iliamuliwa kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na kwamba ukumbusho wa jumla ungetosha. Ndipo zikajengwa sanamu za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni askari mmoja mwenye bunduki na singe. Maandishi yanawataja wapagazi, lakini mwili wa mpagazi haupo. Nairobi angalau amepewa nafasi ya kusimama pamoja na askari. Na sababu iliyotolewa na wakubwa kadhaa wa wakati ule ni kwamba Mwafrika alikuwa bado hajafikia hatua ya kuelewa maana ya jiwe la kaburi.

Ndugu wapendwa, hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu Iringa ndiyo inayoijibu hoja hiyo kuliko mahali pengine popote duniani. Tarehe 28 Juni 1919 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Versailles wa kumaliza vita. Katika Kifungu cha 246 cha mkataba huo Ujerumani iliamriwa kurudisha fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Waingereza ndio waliotaka kifungu hicho kiwekwe, kwa sababu maofisa wao waliokuwa huku walijua vizuri jinsi Wahehe wanavyoheshimu makaburi, wanavyotambika, na jinsi kichwa cha mkuu wao kilivyokuwa na uzito mioyoni mwao. Basi serikali ileile, katika miaka ileile, ilisema Paris kwamba watu wa Iringa wanawajali wafu wao kiasi cha kustahili kifungu katika mkataba wa amani wa dunia, na makaburini ikasema kwamba watu wa namna hiyo hawajui thamani ya kaburi. Ilipofaa kisiasa tulikuwa na wafu. Ilipohitaji fedha za mawe hatukuwa nao. Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, na vijana wameipiga picha nyumba linamokaa. Wapagazi hawajarudi.

Habari haikuishia hapo, na ni haki tuseme mazuri pia. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyohiyo ya makaburi ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia katika jambo hilo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa ukatili wa wakati wa Majimaji. Tunayapokea hayo kwa moyo mweupe. Lakini ninyi mnaoandaa waamini kwa kitubio mnajua kwamba anayeomba radhi huzungumza na mtu. Kule Songea familia za waliouawa zilikuwapo na majina yao yanajulikana. Kwa wapagazi radhi imetolewa hewani, kwa sababu waliokosewa hawajulikani ni akina nani. Ikiwa sisi tunaoishi juu ya njia zao hatuwezi kuwataja, kiongozi mgeni atawataja kwa kutumia nini?

Tuyatazame Maandiko. Yule aliyelazimishwa kubeba mzigo wa mwingine hakosekani katika Injili. Bwana wetu alipopelekwa Kalvari askari walimkamata mtu aliyekuwa akitoka shambani, wakamtwika msalaba. Hakuulizwa kama anataka. Alikuwa Mwafrika wa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya. Kwa askari wale alikuwa bega tu, kama wapagazi wetu. Lakini Injili inatuambia jina lake, Simoni, na Mwinjili Marko anaongeza jambo ambalo halikuwa la lazima kwa habari ya mateso: anawataja watoto wake wawili, Aleksanda na Rufo. Maana yake ni kwamba katika jumuiya ya Wakristo wa kwanza kulikuwa na watu waliowafahamu watoto wale, na mtu fulani aliona inafaa kuandika. Majemadari wangapi wa Roma waliopita Yerusalemu hatuwajui, na mpagazi yule tunamjua pamoja na familia yake.

Hatusemi haya ili tuchukiane na mtu yeyote. Tunayasema kwa sababu tabia ya kuhesabu mabega bila kuandika majina ingalipo. Kutoka vijiji vyetu vya Iringa, Njombe na Mbeya wasichana wadogo wanachukuliwa kila mwaka kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14 na inakataza kazi ya kulazimishwa. Hata hivyo, ukiuliza katika kigango msichana fulani yuko kwa nani na analipwa nini, mara nyingi jibu ni kwamba alichukuliwa na mama mmoja wa Dar es Salaam. Jina la mama huyo halijulikani, mtaa haujulikani. Tume ina mpango wa kuandikisha wasichana hao kabla ya kuondoka, na mwenyekiti ataueleza mchana, nasi hatutaki kumtangulia.

Kuhusu wapagazi, tunapendekeza kazi ndogo. Watoto wa wapagazi wamekwisha kufa wengi. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Katika familia nyingi habari yote imebaki katika sentensi moja: babu alichukuliwa na jeshi kubeba mizigo, hakurudi. Sentensi hiyo inatosha kuanzia. Kijana aende na kamera yake, lakini kwanza na daftari. Aamkie, aketi, asikilize. Asimpige mzee picha kabla hajaruhusiwa, wala asikatize habari kwa sababu mzee amehamia katika mambo ya ng'ombe, kwani pengine ng'ombe ndio waliochukuliwa kwanza. Aandike jina la mpagazi, jina la baba yake na la ukoo, kijiji alichotoka, jeshi lililomchukua kama linajulikana, watoto aliowaacha, na jina la anayesimulia. Familia ikiwa ya Kilutheri, ya Kimoraviani, ya Kiislamu au inayofuata dini ya jadi, iandikwe vilevile, maana majeshi hayakuuliza dini.

Kisha apige picha ya mahali. Tunajua kwamba patakuwa hapana kitu. Itakuwa njia ya zamani inayoshuka kutoka milima ya Ukinga kwenda Ziwa Nyasa, au kivuko cha Ruaha, au mti ambao watu husema chini yake walilala wabeba mizigo. Picha kama hiyo ikibandikwa peke yake mtu atauliza kwa nini imepigwa. Ikibandikwa pamoja na jina ataelewa.

Tumekubaliana na viongozi wa Tume kwamba zianze parokia zilizo kando ya njia ya Tukuyu hadi Njombe, na zile za Iringa upande wa kaskazini zinazopakana na njia ya Dodoma. Karatasi zenye maswali ziko kwa katibu. Kila kigango kichukue tano, na kama hazitoshi wanakiliwe kwa mkono. Zirudishwe ifikapo tarehe 20 Oktoba, ili majina yaliyopatikana yasomwe mbele ya altare katika Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, na nakala moja itunzwe katika jalada la jimbo.